Pontuni mbili zilizotumika, na moja inalala kushoto

BARUA

Kwako Mzee Nahodha,

Shikamoo. Mimi ni mkazi wa Jinja, muuzaji wa vifaa vya ujenzi, na nimekuwa msomaji wa safu yako tangu ulipoeleza namna ya kutunza mashine za mitumbwi. Mimi na mke wangu tumejaliwa watoto watano, mkubwa ana miaka 16 na mdogo ana minne, na tunaishi na mama yangu mzazi mwenye umri wa miaka 71. Kwa miaka mitatu tumekuwa tukiweka akiba ili tununue boti ya familia, ya kutembea nayo Jumapili na sikukuu ndani ya Ghuba ya Napoleon ya Ziwa Victoria, kufika kisiwa cha Samuka kutazama ndege, na, Mungu akijalia, mara moja kwa mwaka kwenda visiwa vya Ssese. Tumekubaliana kwamba iwe pontuni, yaani ile boti bapa inayobebwa na maboya marefu ya alumini, kwa kuwa mama hawezi tena kupanda mtumbwi unaoyumba wala kukaa kwenye ubao usio na mgongo.

Tumepata mbili. Ya kwanza iko Munyonyo, kando ya Kampala. Ina urefu wa futi 22, maboya mawili, iliundwa Marekani mwaka 2011, na imefungwa mashine ya Mercury ya nguvu farasi 60 ya mipigo minne. Viti vyake ni vyeupe kama maziwa, sitaha ina kapeti mpya, turubai la kivuli halina tundu, na inauzwa pamoja na trela lake. Mwenyewe anataka shilingi milioni 62. Anasema mashine imefanya kazi saa 310 tu, ingawa hana karatasi ya kuonyesha. Kibao kilichobandikwa karibu na usukani kinasema watu kumi, lakini yeye anasema kila wikiendi hupakia watu wa sherehe hata kumi na watano bila shida. Tulipofika tulikuta ameshaiwasha, ikinguruma vizuri bila moshi. Nilipotazama picha nilizopiga niliona imelala kidogo upande wa kushoto. Nilipomuuliza akaniambia ni kwa sababu betri na tangi la petroli viko upande huo.

Ya pili iko hapa hapa Jinja, futi 24, maboya matatu, ya mwaka 2008, yenye Yamaha 115 ya mipigo minne. Ilikuwa ikipeleka watalii kutazama ndege. Mashine imeandikiwa saa 1,460 kwenye daftari la matengenezo ambalo mwenyewe alinikabidhi nilisome. Viti vimechanika hadi sponji linachungulia, sitaha haina kapeti, kitasa cha mlango wa mbele kimevunjika na mlango unafungwa kwa kamba ya manila, na haina trela. Bei ni milioni 78. Mke wangu anasema imechoka kama teksi ya Kampala ya zamani, kwamba hatuwezi kumkalisha mama kwenye sponji lililolowa, na kwamba mlango uliofungwa kwa kamba si mlango. Watoto nao wamekwisha kuichagua ile yenye viti vyeupe.

Muuzaji wa Munyonyo anataka nimlipe arubuni ya milioni tano kabla ya Jumamosi, kwa kuwa, anavyodai, kuna mnunuzi mwingine kutoka Entebbe. Naomba unishauri: nichukue ipi? Je, farasi 60 zinatutosha? Na saa 1,460 si nyingi mno?

Ni mimi, Baba Sharifa, Jinja.

JIBU

Marahaba, Baba Sharifa.

Usilipe hizo milioni tano. Mnunuzi wa Entebbe akija na fedha zake, mwache achukue, kwa maana barua yako ina mambo matatu kuhusu boti ya Munyonyo ambayo umeyaandika kama mapambo ya hadithi, nayo ndiyo hasa yanayonifanya niiogope.

La kwanza ni kule kulala kushoto. Huenda mwenyewe anasema kweli, kwa hiyo tumpe haki yake kwa hesabu. Betri ya boti ina uzito wa kilo 25 hivi, na petroli lita 100 ni kama kilo 74, basi tangi likiwa limejaa, jumla yake ni uzito wa mtu mmoja mnene. Mtu mmoja mnene akisimama ukingoni mwa pontuni ya futi 22, upande huo utashuka kwa vidole viwili au vitatu, si zaidi. Rudi Munyonyo, muulize tangi lina petroli kiasi gani, kisha simama mwenyewe ukingo wa kulia huku mwanao akitazama kutoka gatini. Ikiwa tangi ni nusu na bado boti imelala kushoto baada ya wewe kusimama kulia, ndani ya boya la kushoto mna maji. Na hata ikinyooka usiridhike, kwa sababu maji yanaweza kuwa machache leo na mengi baada ya mwezi. Boya la pontuni kwa kawaida hugawanywa ndani kwa kuta zenye kutenga vyumba, na chumba kimoja kikivuja kinaweza kubeba maji ya mamia ya kilo pasipo mtu aliyekaa kwenye kiti cheupe kujua chochote.

Kwa hiyo itolewe majini. Trela analo, hana kisingizio. Boti ikiwa juu ya trela, gonga maboya kwa kifundo cha kidole kuanzia omo, yaani mbele, hadi tezi, yaani nyuma: palipo pakavu patalia kama debe tupu, na palipo na maji sauti itakufa chini ya kidole. Tazama viungo vya kuchomelea na sehemu ya chini ya mbele ambako boya hukwaruzana na mawe ya mwaloni, pale boti zinapoegeshwa. Ukiona kiraka cha gundi ngumu kilichopakwa rangi ya fedha, mtu amekwisha kukutangulia kuliona tundu. Alumini huchomelewa kwa gesi ya agoni na mkono uliozoea. Fundi wa mageti mwenye vijiti vya kuchomelea chuma ataiyeyusha badala ya kuiunga. Kisha fundi ajaribu kila chumba kwa upepo mdogo sana, psi 2 au 3 (psi ni kipimo cha shinikizo la hewa), kwa pampu ya mkono, huku akipaka maji ya sabuni kwenye viungo na kutafuta mapovu. Asitumie kompresa ya gereji ya matairi, kwa kuwa atalipasua boya alilokuja kulipima.

Jambo la pili ni mashine kukutwa imewashwa. Mashine yoyote ile iliyokwisha kupata moto huongea vizuri. Ugonjwa hujulikana alfajiri, ikiwa baridi. Muuzaji mwaminifu hana sababu ya kukataa uje saa kumi na mbili asubuhi, ufungue kifuniko, uweke kiganja juu ya mashine, na uridhike kwamba ni baridi kabla ya mtu kugusa ufunguo.

La tatu ni zile saa 310, ambazo hazipatani na maneno yake mwenyewe. Boti ya mwaka 2011 yenye saa 310 ni boti iliyolala karibu maisha yake yote, na hiyo si sifa, kwa maana petroli iliyokaa hugeuka utomvu kwenye sindano za mafuta, na ile feni ndogo ya mpira inayovuta maji ya kupoza hukakamaa. Lakini wakati huo huo anakuambia kwamba hupakia watu kumi na watano kila wikiendi. Haiwezekani yote mawili yawe kweli. Mashine nyingi za mipigo minne zenye sindano za kielektroniki hutunza hesabu ya saa ndani ya kompyuta yake, na fundi mwenye chombo cha kusomea ataipata kwa dakika chache. Omba isomwe mbele yako.

Nije kwenye hao kumi na watano. Tarehe 24 Novemba 2018 boti ya sherehe ilizama karibu na pwani ya Mukono na watu zaidi ya thelathini wakapoteza maisha, ikiwa imepakia kupita kiasi. Sisi tunaoishi kando ya ziwa hili hatuhitaji kukumbushwa siku ile, ila muuzaji anayejisifia kupakia watu kumi na watano kwenye boti ya kumi ameishi kana kwamba haikutokea. Boti iliyozoeshwa hivyo hupinda mihimili inayoshikilia sitaha juu ya maboya na kulegeza parafujo zake. Hiyo kapeti mpya nayo inanipa shaka. Ubao ulio chini yake ni wa mwaka 2011, na kapeti huwekwa mara nyingi na mtu asiyetaka ubao utazamwe. Kanyaga kwa kisigino mbele ya kila kiti na mlangoni, panapobonyea pameoza. Kisha ingia chini ya boti na bisibisi uchome kingo za ubao kwa upole. Kama wamebadilisha mbao, uliza ni mbao gani, kwa sababu mbao zilizotiwa dawa yenye shaba, zikigusana na alumini penye unyevu, huila alumini polepole.

Sasa tuitazame ya Jinja, ambayo wewe unaionea haya na mimi naipenda.

Saa 1,460 si chache, lakini ni saa zenye ushahidi. Mashine ya mipigo minne iliyobadilishiwa oili kila saa 100 na kupozwa kwa maji yasiyo na chumvi, kama haya yetu, inaweza kuzipita saa 2,000 bila kulalamika. Lisome lile daftari kwa jambo moja kabla ya mengine: mkanda wa taimingi, ule unaoendesha vali za mashine kwa wakati wake. Yamaha ya aina hiyo huhitaji mkanda mpya kila saa 1,000 au kila miaka mitano, lolote litakalotangulia. Ikiwa daftari linaonyesha mkanda ulibadilishwa, mwenye boti ni mtu wa kuaminika katika mengine pia. Ikiwa halionyeshi, gharama ya mkanda na ya fundi itoke kwenye bei, na usiiendeshe mbali hadi uwe umefungwa. Fundi apime mgandamizo wa kila silinda. Tofauti ya silinda moja na nyingine isizidi asilimia 10 hivi. Afungue pia parafujo ya chini ya gia: oili ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia na sili, ile mipira ya kuzuia maji, zimekufa. Wakati mashine inafanya kazi, utepe wa maji unaoruka nyuma uwe na nguvu, kwa sababu magugu maji ya hapa kwetu huziba tundu za kuvutia maji, na mashine iliyowahi kuchemka haisahau. Vipimo hivi vifanywe kwa boti yoyote utakayoichukua, hata hii ninayoisifu.

Umeuliza kama farasi 60 zinatosha. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kwenye hewa nyepesi namna hii mashine isiyo na tabo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa, hupoteza nguvu kwa karibu asilimia 10. Hizo 60 zako basi ni kama 54, nazo zitabeba watu wanane, sanduku la vinywaji, nanga na petroli. Kwenye maji tulivu zitakufikisha. Upepo wa mchana unapovuma kutoka ziwani na wewe unageuka kurudi nyumbani, turubai litakuwa tanga usilolitaka, nawe utakuwa umekandamiza gesi hadi mwisho bila kupata kitu zaidi. Yamaha 115 itabaki na zaidi ya 100, na utaiendesha kwa utulivu kwenye nusu ya uwezo wake. Itakula petroli nyingi zaidi, sikufichi: ikikandamizwa hadi mwisho yaweza kunywa lita 40 kwa saa, ingawa kwa mwendo wa matembezi ni kama nusu ya hapo. Siku ya kuijaribu, nenda na familia nzima au magunia ya saruji ya uzito wao, kwa kuwa dukani kwako hayakosekani, kisha fungua gesi yote na utazame mita. Mizunguko ikishindwa kufika kati ya 5,000 na 6,000 kwa dakika, propela iliyofungwa ni nzito kwa mwinuko wetu, na propela hubadilishwa kwa fedha kidogo kuliko mashine.

Boya la tatu ndilo hasa unalolilipia zile milioni 16 za ziada. Pontuni ya maboya mawili, watu wakijazana mbele kutazama ndege, huinamisha pua, na wimbi fupi la Victoria likija wakati huo hupanda sitahani. Boya la katikati huinua mbele na kupunguza kule kuyumba kunakomtia mama yako hofu.

Hata hivyo, Ssese msahau kwa boti yoyote kati ya hizi. Usiku upepo wa nchi kavu hukutana katikati ya ziwa ukazaa dhoruba zinazoweza kuendelea hadi asubuhi, na pontuni, iwe na maboya mawili au matatu, ni chombo cha ghuba na cha maji yaliyokingwa. Mkitaka kufika Kalangala, huko huko Ssese, endesheni gari hadi Nakiwogo, Entebbe, mpande meli ya MV Kalangala. Kwa saa tatu na nusu hivi mtakuwa Lutoboka, na mama atakuwa amepata chai njiani. Samuka mtafika, asubuhi yenye anga safi, mkirudi kabla upepo wa alasiri haujashika kasi. Na kwenye ghuba yenyewe kumbuka kwamba maji ya kwetu yanakwenda mahali. Mashine ikizima karibu na chanzo cha Nile, mkondo utawachukua kuelekea bwawa la Nalubaale, lile lililokamilika mwaka 1954 kwa jina la Owen Falls. Nanga iwe tayari mbele, si chini ya viti, na kamba yake iwe na urefu usiopungua mara tano ya kina cha maji.

Mke wako amesema neno lenye uzito kuliko yote yaliyomo kwenye barua yako: mlango uliofungwa kwa kamba si mlango. Mtoto wa miaka minne akianguka mbele ya pontuni inayotembea, huanguka kati ya maboya, boti humpita juu, na propela iko nyuma inamngoja. Kwa hiyo kitasa kipya kifungwe kabla ya safari ya kwanza, na iwe marufuku kabisa mtu kukaa omo akining'iniza miguu nje wakati mashine inafanya kazi, hata huyo wa miaka 16 akinuna. Kila mtoto awe na jaketi la kuokolea la uzito wake, lenye mkanda wa kupita katikati ya miguu, kwa maana jaketi la mtu mzima humvuka mtoto kichwani likaelea peke yake. Mwenye kushika usukani naye ajifunge mkononi ile kamba nyekundu ya kuzima mashine. Ngazi ya nyuma itawatamanisha watoto kuogelea. Wazuieni wasiogelee karibu na matete, kwenye konokono wa kichocho.

Kuhusu karatasi, linganisha namba iliyopigwa kwenye mabano ya mashine na ile iliyomo kwenye hati za ushuru wa URA, Mamlaka ya Mapato ya Uganda, kwa sababu wizi wa mashine ziwani unaujua. Sheria ya usafiri wa majini ya mwaka 2021 inataka chombo kisajiliwe na kupewa leseni, basi mwombe muuzaji akuonyeshe usajili kutoka idara inayohusika na vyombo vya majini katika Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Mkataba wa mauziano uandikwe mbele ya mashahidi na upigwe mhuri wa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, kama unavyofanya kwa kiwanja.

Trela ni hasara ya kweli upande wa boti ya Jinja, na sitalipuuza. Lakini gari la kawaida la familia lisingeivuta pontuni yoyote kati ya hizi kupanda gati lenye tope, hivyo hata trela la Munyonyo ungelikodishia gari. Tafuta mahali pa kuiegesha palipokingwa na magugu, ukubaliane na wenye mwalo, na uitoe majini mara moja kwa mwaka kuikagua.

Ningekuwa wewe, ningempa mwenye boti ya Jinja milioni 68 kwanza, nikimwonyesha kitasa, viti na, ikibidi, mkanda, na nisingevuka 73. Vipimo vikifeli, nisingenunua hata moja mwaka huu.

Mama yako akae katikati, nyuma kidogo, karibu na usukani, mahali panapocheza kwa uchache zaidi, kwenye kiti kinachotazama mbele. Na kama vile viti vyeupe vimemkaa moyoni Mama Sharifa, apeleke picha yake kwa mshonaji wa viti vya magari hapo mjini, naye atamshonea vya rangi ile ile juu ya sponji lisilonyonya maji. Ila amsisitizie atumie uzi wa poliesta, kwa sababu uzi wa pamba huoza kwa jua na unyevu, na kabla ya mvua za pili sponji litaanza kuchungulia tena.